Siku Meneja Alipomgeuza Shangazi

Nesi alikuja kumwona mjukuu wangu mchanga, lakini nesi yule ana macho ya kuku, akiingia uani hupekua kote. Alikagua kitovu cha mtoto, akamtazama binti yangu anavyonyonyesha, kisha akauliza, "Na huyo anayekohoa chumba cha pili?"

"Wifi yangu," nikasema. "Dada wa marehemu mume wangu. Kiharusi kilimchukua upande mmoja. Ulimi kikamwachia, kwa bahati mbaya."

"Nimesikia!" wifi akapaza sauti kutoka kitandani.

Nesi akaingia, akampapasa nyonga na visigino chini ya shuka. Pajani kwa nyuma akakuta ngozi imeiva. "Hapa pakiachwa patakuwa kidonda. Nani anamgeuza?"

"Tunasaidiana," akajibu Meneja pale mlangoni. Huyo ni kitinda mimba wangu. Tulimwita hivyo kwa kuwa hana kazi ila hutoa maagizo. Binti yangu naye akaitikia kwa kichwa, mtoto begani.

Kusaidiana kwenyewe ni hivi: Meneja huniambia muda umefika, mimi nageuza. Mchana, alfajiri, mvua inanyesha, mimi nageuza. Mgongo wangu umekuwa kama mlango wenye bawaba mbovu, ukifunguka haufungiki. Lakini mtu utasema nini? Ukilalamika, umemchoka wifi.

"Bibi, kaa hapa nikupime na wewe," nesi akaniambia.

"Mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa. Nimesema kaa."

Nikaketi kwenye kiti cha kuegemea, kando ya kitanda cha wifi. Akanifunga kile kitambaa cha presha, kikavimba, kikanikaba mkono. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono bila kutaka nimnyanyue. Nikafumba macho, kidogo tu.

"Mama kazimia!" Meneja akapiga kelele.

Ningesema sijazimia. Ila kiti kilikuwa kizuri.

Vidole vya nesi vikanishika kifundo cha mkono, vikatulia. Akainama kama anayesikiliza pumzi, akaninong'oneza: "Bibi, uko macho wewe. Kope zinacheza. Kaa hivyo hivyo." Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Hajazimia, amelala. Presha imepanda na uchovu umemzidi, asiamshwe. Sasa shangazi anatakiwa kugeuzwa. Haya, mnaosaidiana, nionyesheni."

Nikasikia ndala za Meneja zikijikokota kuelekea kitandani.

"Tunaanzia wapi?" Meneja akauliza.

"Anzia kwenye akili yako," wifi akasema, "halafu shika bega. Bega, siyo shingo! Unataka kunichinja?"

Kitanda kikalia. Binti yangu akalaza mtoto, akaja kushika nyonga.

"Mkono wangu uko chini! Huo hauna habari, mtautegua. Utoeni kwanza!"

Meneja alikuwa anahema kama anayesukuma gari bovu. "Shangazi, mbona mzito hivi?"

"Uzito huuhuu mama yako anaubeba kila siku, na hajawahi kunihemea usoni."

Tangu niolewe, wifi hajanisifu hata chumvi.

Kisha akaita, na safari hii hakuwa na mzaha: "Wifi! Njoo uwaonyeshe, watanivunja hawa!"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Miguu ilitaka kuinuka yenyewe, kama ilivyozoea. Lakini nilijua nikiinuka leo, nitainuka mpaka siku ya kunizika, na wao wataendelea kusaidiana. Nikabaki, machozi yananitafuta chini ya kope.

"Amelala," nesi akasema taratibu. "Mimi nipo, hawatakuvunja."

Wifi hakuridhika. Mimi na yeye tumeishi nyumba moja tangu wote tuna meno.

"Kama amelala kweli," akasema, "mbona hakoromi? Yule akilala hukoroma kama mashine ya kusaga."

Nikakoroma.

"Ehe, kalala," wifi akasema. "Haya, mto katikati ya magoti. Na wewe Meneja, jioni zamu ni yako. Dada yako alfajiri, mtoto akishamwamsha."

"Mimi?"

"Hapana, marehemu babu yako."

Nesi akamwambia anyooshe shuka, maana mkunjo ndio unaochubua ngozi. Nikataka kufumbua jicho moja nione kama ananyoosha sawasawa. Jicho likakataa. Nilimsikia Meneja, kwa mbali, akiuliza shuka livutwe upande gani. Jibu sikulisikia.