Kwasa ya Mheshimiwa Kobia

Peris Lokol alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya upili pale Chechelesi, na maabara yenyewe ilikuwa na hadubini tatu, mbili kati yazo vipofu. Kazi ikiisha mapema, aliwasha kompyuta ya shule na kuwasaidia wataalamu wa anga wa ng'ambo. Hao walikuwa na antena zinazonasa mawimbi ya redio kutoka mbinguni, redio isiyo na muziki wala matangazo ya vifo, na picha zilizotokana nayo zilikuwa nyingi mno hata wakaomba macho ya watu baki duniani kote. Kazi ya Peris ilikuwa kutazama madoa ya ukungu na kusema lipi ni la galaksi ipi.

Jumanne moja aliona madoa mawili, kila moja pembeni kabisa mwa picha. Waliomtangulia walikuwa wameyaandika kama wageni wasiojuana. Peris akaona kitu. Kila doa liling'aa upande wa nje, kana kwamba limegonga ukuta, na mkia wake ulielekea kwa mwenzake. Akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta. Katikati ya mstari palikuwa na kijinukta hafifu, karibu hakionekani. Akaandika: "Hawa ni kitu kimoja."

Miezi mitatu baadaye barua pepe ikaja kutoka kwa mmoja wa wale wataalamu. Ni kweli, ni kitu kimoja. Kile kijinukta ni kwasa, yaani moyo wa galaksi wenye shimo jeusi linalokula kwa pupa hadi mwanga wake unaizidi galaksi nzima. Toka doa moja hadi la pili, nuru ingesafiri zaidi ya miaka milioni nne. Kwasa jitu.

Peris alimwambia mama yake, Akolong, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Ina maji?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi."

Kosa lake lilikuwa kumwambia pia mwalimu mkuu, Bwana Mungania. Upepo wa Aprili ulikuwa umeng'oa mabati ya maabara, na Mungania alikuwa akitafuta mtu wa kumsifu hadi alete mengine. Akampata: Mheshimiwa Kobia, mwakilishi wa wadi.

"Tutaipa jina lake," akasema.

"Mwalimu, hiyo haipewi jina la mtu. Ina nambari."

"Nambari ni ya gari, Madam Peris."

Siku ikafika. Hema likasimamishwa, kwaya ikaimba nyimbo mbili na kutishia wa tatu. Mheshimiwa alichelewa kwa saa tatu, kama cheo kilivyomruhusu. Nyuma ya jukwaa palining'inia picha yake katikati ya nyota, na mtu mwenye macho angegundua kuwa nyota moja ilikuwa taa ya barabarani. Mungania akatangaza kuzinduliwa kwa Nyota ya Kobia, kisha akampa Peris kipaza sauti na kumnong'oneza, "Kidogo tu, na iwe tamu."

Kabla hajafungua kinywa, Mheshimiwa akadakia, "Madam mnajimu! Nyota yangu inasema nini kuhusu uchaguzi?"

Peris akatazama paa la maabara, mbao tupu kama mbavu za ngamia mwenye njaa. Alijua uongo mdogo ungeleta mabati kufikia Ijumaa. Lakini yeye ndiye aliyeiona, na hakutaka iitwe nyota.

"Mheshimiwa, kwanza si nyota," akasema. "Katikati kuna kitu kinachokula. Chochote kikisogea, gesi, vumbi, nyota nzima, kinakimeza. Lakini kinakula ovyo, kwa hivyo kingine kinatemwa pande mbili kabla hakijaingia."

Kicheko kikaanza nyuma, kwa akina mama wa jikoni. Peris hakuelewa, akaendelea.

"Kelele zake zinafika mbali kuliko chenyewe. Na yale madoa mawili, ukubwa wote huo, ndani ni karibu utupu."

"Huyo tunamjua!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

Hapo Peris akaelewa. Damu ikampanda usoni. Mungania alikuwa akijifuta jasho kwa karatasi ya ratiba. Kukaa chini kungekuwa busara, lakini yote aliyoyasema yalikuwa kwenye ile barua, na bado kulikuwa na aya moja.

"Chakula kikiisha, shimo linanyamaza," akamalizia. "Madoa yanafifia polepole."

"Lini? Baada ya uchaguzi?" yule mwanamke akauliza.

Hema likapasuka kwa vicheko. Mheshimiwa Kobia akainuka na kumnyang'anya Peris kipaza sauti.

"Huo mwanga," akauliza, "ulitoka huko lini?"

"Kama miaka bilioni saba iliyopita, Mheshimiwa."

"Bilioni saba. Kwa hivyo hata mkiitukana leo, haisikii." Akawageukia akina mama wa jikoni. "Mimi nasikia."

Wakacheka tena, safari hii naye. Kisha akamwambia Mungania ateremshe ile picha, kwani hataki jina lake kwenye kitu kinachotemea watu.

"Na mabati, Mheshimiwa?" Mungania akauliza.

"Mabati ni mabati."

Yaliletwa nusu. Yakafunika upande wa hadubini, na jina KOBIA likapakwa rangi juu yake, mahali ambapo abiria wa ndege pekee wangeweza kulisoma. Upande wa pili ukabaki wazi kwa jua.

Mungania hakumsemesha Peris kwa wiki mbili. Kisha alasiri moja akaingia maabara, akasimama nyuma yake, akakohoa.

"Hiyo kwasa. Bado inakula?"

"Hatujui, Mwalimu. Tunaona ya zamani."

Akavuta stuli. Peris akamwonyesha picha mpya, na Mungania, bila kuulizwa, akagusa madoa matatu yaliyotawanyika. "Hawa ni familia moja."

"Hawa hata hawajuani."

"Tazama wanavyofanana!"

"Mwalimu, toa kidole kwenye kioo."

Hakukitoa. Walibishana hadi kengele ya chai, na hata hapo Mungania alitoka akinung'unika kwamba angemwandikia yule mtaalamu yeye mwenyewe.