Maziwa ya Hairhan

Mlima wetu una jina, lakini sitalitaja, maana hapa nilipokaa unaonekana, na kwetu mlima hauitwi jina mbele ya uso wake. Tunamwita Hairhan, yaani mpendwa, na kila mtu anajua ni nani anayesemwa.

Siku serikali ilipomtangaza Hairhan kuwa mlima mtakatifu wa taifa zima, moyo wangu ulikuwa ukinidunda kama wa bibi harusi. Na aliyetuletea furaha ile alikuwa wifi yangu, Handmaa, mbunge. Mimi nimeolewa na kaka yake Galsan, kwa hiyo nina haki ya kumsifu na haki ya kumsema, na zote mbili huzitumia.

Handmaa alianza kama wakili wa wafugaji waliofukuzwa kwenye visima vyao. Walimlipa siagi na nyama kavu, naye akashinda kesi akiwa na mafuta mdomoni. Akaingia bungeni. Kampuni moja ya machimbo ilipotaka kuchimba dhahabu chini ya Hairhan, alisimama akawaambia wenzake kwamba haki za watu na urithi wa mababu ni miguu miwili ya mtu mmoja, ukikata mmoja umemlemaza. Walimcheka. Wifi yangu hana aibu ya kuchekwa. Alirudi na hoja ileile kila kikao mpaka wakachoka wao, amri ikapita: Hairhan hachimbwi.

Ila ili wazee wa wilaya wamuunge mkono, alikubali iandikwe humohumo kwamba ibada ya mlima itafuata desturi ya zamani. Na desturi inasema mwanamke hafiki kwenye ovoo, lile rundo la mawe kileleni. Anaishia chini, panapofungwa farasi. Amri ilikuwa haianzi kazi mpaka isomwe kule juu siku ya ibada, na aliyeipigania haruhusiwi kwenda kuisikia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Na wewe umekubali?" nilimuuliza asubuhi ya ibada, tukikamua.

"Nikivuka tu pale, mkuu wa wilaya Damiran atapeleka malalamiko mji mkuu kwamba desturi imevunjwa. Amri itasimamishwa, wifi. Kampuni inasubiri hilo tu."

"Kwa hiyo haki za watu wote unazijua, isipokuwa za mama yako."

Aliniangalia kwa jicho baya. Sikujali, nilikuwa nimemkusudia. Mama yake, mama mkwe wangu, Densmaa, ndiye mama mkubwa kuliko wote bondeni. Tangu aletwe hapa bibi harusi, kila mwaka yeye ndiye hukamua maziwa ya kwanza ya ibada, yale yasiyoonjwa na mtu, akawakabidhi wanaume kwa mikono miwili wakapanda nayo. Majira ya baridi yaliyopita aliugua hata tukakata tamaa, na kitandani akasema ana jambo moja tu: akipona, aone maziwa yake yanakokwenda. Handmaa alimshika mkono akamwambia, "Utaona, mama." Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Na mama akapona.

"Nitampeleka," Handmaa alisema, akiinamia ndoo. "Sijui vipi."

Wanaume walikuwa wamejipanga na farasi wao, kofia zimepigwa brashi, mikanda ya hariri imefungwa. Mzee Damiran, mkuu wa wilaya, alikuwa mbele na amri kwenye mkoba, tumbo limemtangulia. Si mtu mbaya Damiran. Anapenda tu mambo yakae pale alipoyakuta, hasa kama yeye ndiye aliyekaa juu yake. Alikuja mpaka kwa mama akanyosha mikono kupokea ndoo.

Mama hakuitoa.

"Mama Densmaa, tunachelewa."

"Basi twende," mama akasema.

"Twende wapi?"

"Huko maziwa yanakokwenda."

Damiran akacheka kidogo, kile kicheko cha kumbembeleza mtoto. "Mama, wewe unajua desturi kuliko mimi. Mwanamke haendi kwa Hairhan."

"Hairhan anakunywa maziwa yangu tangu wewe unatambaa. Anayapenda maziwa, lakini hampendi aliyekamua? Amekwambia lini? Mlikuwa wawili?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, nakiri kwa fahari.

Damiran akawageukia wenzetu waliobeba ndoo nyingine. "Haya, nani atanipa maziwa?" Mmoja akafunika ndoo yake kwa mfuniko. Wa pili akaikalia. Hakuna aliyepanga jambo lile, naapa. Handmaa mwenyewe alikuwa amesimama mdomo wazi, mbunge mzima.

Hapo ndipo Damiran alipofanya kosa lake. Alikasirika, akamwita dereva wake. "Nenda dukani! Leta maziwa!"

Dereva akaondoka na vumbi, akarudi na vumbi, mkononi ana maziwa ya pakiti. Ya kiwandani, yametoka mjini, kwenye boksi amechorwa ng'ombe anayetabasamu na kengele shingoni.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua zile kelele zilivyokuwa. Na hazikutoka kwa wanawake! Wanaume wenyewe ndio waliopaza sauti.

"Unataka kumpa Hairhan boksi?"

"Ng'ombe mwenyewe wa kuchorwa!"

"Tarehe ya kuharibika imepita, hebu soma!"

Galsan wangu, ambaye akisema maneno mawili kwa siku nashukuru, alishuka kwenye farasi. "Mimi sipandi na boksi," akasema. Nilimpenda upya pale pale. Wengine nao wakashuka, mmoja mmoja, mikanda ya hariri ikipepea.

Damiran akamkimbilia lama Jigmed, mtawa wetu wa Kibudha, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akisubiri kazi yake. "Lama, waambie!"

"Kazi yangu ni sala," lama akajibu. "Maziwa si yangu. Lakini ukimmwagia hicho, radi ikija usijifiche nyuma yangu."

"Mnaivunja desturi!" Damiran akapiga kelele, uso mwekundu.

"Desturi ni maziwa ya kwanza yatoke mkononi mwa mama mkubwa wa bonde," mama akasema, akamnyoshea mkono wake mkavu. "Mkono ndio huu. Ukiweza kuukata ukapanda nao, uchukue."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mkono ulikuwa unatetemeka na maziwa yalikuwa yanapigapiga ukingo wa ndoo, na kwetu kumwaga maziwa ni mkosi ambao hata mlevi anauogopa. Handmaa akasogea, akaishika ndoo upande wa pili.

"Mzee wangu Damiran," akasema polepole, kwa heshima yote. "Amri soma wewe. Picha piga wewe. Jina langu usilitaje. Mimi siendi juu kama mbunge. Nashika ndoo ya mama yangu isimwagike."

"Nitalalamika mji mkuu, Handmaa. Ujue."

"Lalamika. Ni haki yako, nami nimeitetea miaka yote. Mlima ukichimbwa kwa sababu yangu, nitakuja kuishi hapahapa niyaangalie mashimo usoni. Lakini nilimwahidi." Akaishika ndoo vizuri. "Na tukifika mahakamani, nitamwomba hakimu aulize jambo moja tu: ni nani aliyeleta pakiti?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwashtua farasi. Hata dereva alicheka, akaificha pakiti nyuma ya mgongo. Wakati huo Galsan alikuwa ameshaleta farasi mpole kuliko wote, akampandisha mama yake tandikoni. Mimi nikashika hatamu. Mguu wangu ulipopita panapofungwa farasi, mwili mzima ulinisisimka, nikatazama mawingu nione kama yanakunja uso. Yalikuwa mawingu tu. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanakuja na ndoo zao, na wanaume kando yao, wakijifanya wamewasindikiza kwa hiari yao. Damiran akabaki peke yake na mkoba. Alisimama, akavuta pumzi, kisha akatufuata.

Njia ilikuwa ya mawe na upepo ulitupiga makofi, lakini nani alihisi? Tuliimba! Handmaa alitembea kando ya farasi, ndoo mikononi, hatua kwa hatua, wala hakumwaga tone.

Kileleni tulizunguka ovoo mara tatu, kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Lama akasoma sala. Damiran akaifungua amri, akaisoma vizuri, kwa sauti nzito ya kiume, lazima niseme ukweli. Alipofika mwisho akamtazama mama, akamtazama Handmaa. Kisha akalitaja jina la aliyeileta, lote kamili pamoja na la baba yake, ingawa alikuwa ameambiwa asilitaje. Watu wakapunga kofia wakiita baraka, "Hurai! Hurai!" mpaka mlima ukaitikia. Sasa alalamike kwa nani, na yeye mwenyewe ameshatangaza?

Mama akashushwa. Akachota maziwa kwa kijiko cha mbao, akamnyunyizia Hairhan pande zote, na upepo ukayachukua. Aliendelea mpaka ndoo ikaisha. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza maishani akaliona bonde lake kutoka juu: mto, mahema, mifugo, moshi wa jiko lake mwenyewe.

"Kumbe mlikuwa mnatuona hivi," akawaambia wanaume. "Kila mwaka. Wala hamkutuambia kuwa tuna uzuri wote huu."

Handmaa alilia waziwazi, na mimi nikalia, na Galsan akajifanya anakaza tandiko.

Wakati wa kushuka Damiran ndiye aliyeokota ndoo. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na yeye alikuwa hana kitu ila jibini kavu aliyogawiwa kileleni, baraka ambayo wanaume huwapelekea watu wa nyumbani kwao. Aliitia yote ndani. Kisha akamkabidhi mama ndoo yake kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Pokea, mama," akasema.