Spika ya Kulia

Tundu la pua la mwigizaji lilikuwa pana kuliko sufuria. Liliujaza ukuta, jekundu, lenye unyevu, likavuta pumzi, na mjane aliyeketi mbele yake akajisukuma nyuma kitini.

"Unaona, Mama?" mwanawe alisema kwa furaha. "Hata kinyweleo hakijifichi."

Aliona, na ndicho kilichomtia kinyaa. Ilikuwa saa nane mchana, mapazia yamefungwa, sebule inanuka plastiki mpya na mafuta ya bisi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amepandisha miguu mezani, kidole gumba kikichungulia soksini, akitafuna mdomo wazi.

Mwanawe alikuwa ameununua mtambo huo wa sinema ya nyumbani kumliwaza. Miezi mitano tangu wamzike baba yake, mama alikuwa hajawasha hata taa ya sebule.

"Sasa umekaa katikati kabisa, Mama," alisema fundi aliyekuja kuufunga. "Spika ya kulia na ya kushoto, umbali sawasawa. Aliyefunga zile za zamani alikosea. Ya kulia ilikuwa karibu ipande kitini."

"Kaka alikuwa fundi cherehani, si fundi spika," shemeji alicheka, punje ya bisi ikamtoka. "Tulimtania mpaka tukachoka. Sebule imepinda kama suruali ya mlevi!"

Mwana naye alicheka, kisha akakumbuka ni baba yake anayechekwa, akamwangalia mama.

Mjane hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliionea aibu spika ile. Mumewe aliyashona mapazia kwa mkono wake, tabaka mbili, mazito, hata jua la mchana likabaki nje. Kisha, futi ikiwa shingoni, alimwambia, "Keti. Usigeuze kichwa." Aliisogeza spika huku akimtazama yeye usoni, wala si spika. Aliporidhika, alifunua ncha ya zulia, akachora mstari sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo, akaufunika.

"Mbona hii iko karibu hivi?" mjane alimuuliza miaka ilipopita.

"Ndivyo inavyokaa."

Wageni walipobisha hodi, mjane aliisukuma nyuma kwa mguu. Walipoondoka, mumewe aliirudisha, na mara kwa mara akachora mstari mwingine.

Kwenye skrini, upande wa kulia, mwanamke aliinama kumnong'oneza bintiye. Midomo ilicheza. Hakuna kilichotoka.

"Upande wa kulia umekufa," mjane alisema.

Fundi akatega sikio. "Mzima, Mama."

"Hata mimi naisikia," mwanawe akasema.

"Basi shemeji, kilichobaki ni kubadilisha masikio!" mdogo wa marehemu alidakia.

Mjane alijifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa, akaliziba sikio la kushoto kwa kiganja. Sebule nzima ikahamia mbali, kama maongezi ya nyumba ya jirani. Akaondoa kiganja.

Akamkumbuka mteja mmoja, mtu mwenye bega lililoshuka. Mumewe alimpima, akashonea pamba upande mmoja wa koti. Mtu yule alijitazama kwenye kioo, akatoka ameinua kidevu.

"Mbona hukumwambia kuwa bega limeshuka?" mjane alimuuliza mumewe.

"Nimwambie ya nini? Alikuja kutafuta koti."

Kinyaa alichokuwa nacho tangu sinema ianze kikageuka, kikamtazama yeye. Akautazama mguu wake wa kulia, ule uliokuwa ukiisukuma spika.

"Basi hizi spika za zamani nizichukue, nikatoe vipuri?" fundi aliuliza. Alikuwa ameshazifikisha mlangoni, moja kila kwapa.

"Ziweke chini."

"Lakini Mama, hazi..."

"Nimesema ziweke chini."

Alipiga magoti, akafunua zulia. Mistari ile alikuwa ameizoea kama ufa wa ukutani, hakuwahi kuihesabu. Ilikuwa saba. Wa kwanza ulikuwa umefifia, karibu na ukuta. Kila uliofuata ulikisogelea kiti chake kwa upana wa kiganja, na wa mwisho ulikuwa bado mweupe.

Alirudisha zulia, akaikokota spika kuukuu ya kulia mpaka palipokuwa mstari wa mwisho. Mwanawe aliinuka kumsaidia, mama akamzuia kwa mkono.

"Iunge hii."

"Sauti itaegemea upande mmoja," fundi akaonya. "Wageni watasikia vibaya."

"Wageni wana kwao. Na wewe shemeji, shusha miguu."

Miguu ikashuka. Fundi akaunganisha waya.

"Rudisha pale wanaponong'ona."

Mwanamke akainama tena. Sauti ilikuja, nyembamba, ikamgusa, ikapotea kabla ya neno la mwisho. Mjane akasimama. Akaisogeza spika, kiganja kimoja, akaketi, akasikiliza bila kugeuza kichwa.

"Mwanangu," alisema, "kanitafutie chaki ya baba yako."