Mgeni wa Seli B

Tangu daktari amwambie Patroba kwamba seli B za mwili wake zimemgeuka, hakuna aliyepita mlango wa nyumba yake isipokuwa panya, na panya naye hakukaa.

Alikuwa mwalimu wa nyaya za umeme kwenye chuo cha ufundi kule Sigalagala, kwa hiyo maelezo ya daktari hayakumpiga chenga. Neva zina ganda kama waya. Seli B kazi yake ni ulinzi, kukumbuka sura za wadudu waliowahi kuvamia. Zake zilikosea nyumba: zikawaonyesha askari wenzao lile ganda, zikawachochea, nao wakaanza kulichuna. Ndiyo maana mguu wa kushoto ulimgomea ngazini, na wanafunzi wakanong'ona kwamba mwalimu amelewa. Dawa aliyotundikiwa ilizifagia seli B karibu zote, wachochezi na walinzi wema pamoja.

"Sasa geti lako halina askari," daktari alimwambia. "Mtu mwenye homa asiingie kwako."

Basi akajifungia. Mara moja alipotoka, kwenye matanga ya mwalimu mwenzake, alikaa na mikono mfukoni asishikane na mtu, na huku kwetu mtu asiyesalimia watu matangani haulizwi sababu, anaachwa tu. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Jioni, majirani walipocheka uani, alipunguza sauti ya redio ili ajue wanacheka nini. Upweke ulimuuma kuliko mguu.

Mama yake, Chepng'etich, alikuwa bado hajui. Aliishi Lumakanda. Yeye Mnandi, marehemu baba Mmaragoli, kwa hiyo nyumbani walikutana katikati, kwa Kiswahili. Patroba alikuwa mtoto wake wa pekee, naye alihofia kumvunja moyo. Tena alihofia jambo baya zaidi, kwamba mama naye angenyamaza kama wengine. Ijumaa mama alipopiga simu kuuliza mbona hakuja kuvuna mahindi, akajikaza.

"Mama, niko na shida. Ni mambo ya seli B. Nilikuwa nataka..."

Stima ikapotea, taa zikazimika, na mtandao ukaenda nayo. Uliporudi alipiga, mama hapatikani. Asubuhi akapiga tena; hapatikani. Naye ameniacha, akawaza, akaketi kitandani akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Mchana geti la chuma la mlangoni likagongwa. Mama alisimama pale na nguo zake za kanisa, kikapu mkononi, jasho likimtiririka.

"Kumbe walikuachilia?"

"Nani, mama?"

"Polisi! Si ulisema uko seli B? Nimetoka mbio mpaka simu nikaacha kwa chaji. Nimeenda kituoni, nikawaambia nimeletea mtoto wangu chakula. Wamecheka mpaka wakashika ukuta, eti wako na seli moja tu, haina B." Akashusha sauti. "Ulifanya nini, Patroba? Hata kama ni mtu umeua, niambie tu. Mimi nitakuwa nakujanga na chakula."

Patroba alikuwa ameshatia ufunguo kwenye kufuli. Ndipo mama akapiga chafya, moja, na nyingine, akapangusa pua kwa leso. Patroba akauachia ufunguo hapo hapo kwenye kufuli. Hakuwa amewahi kutaka kufungua mlango kama siku ile.

Akamweleza kupitia nondo za geti: ganda, wachochezi, dawa, askari walioondolewa.

"Kwa hivyo si wewe uko ndani ya seli. Ni seli ziko ndani yako."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi niko na homa."

Patroba akautazama ufunguo uliobaki kwenye kufuli.

"Toa huo ufunguo," mama akasema.

Akatoa bakuli kikapuni, akaliweka kizingitini, akarudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo. Patroba akafungua, akalichukua, akafunga tena. Ilikuwa ingokho na obusuma, kuku na ugali, bado vuguvugu. Mama akapindua ndoo ya jirani, akaiketia, akavua viatu.

"Askari wa pale kituoni aliniambia wageni wanakaa mpaka saa kumi," akasema. "Hapa kwako ni mpaka saa ngapi?"

Patroba akajishusha sakafuni polepole, mguu mbovu mbele, bakuli mapajani.

"Hapa hakuna saa, mama."

"Basi kula."