Shimo la Kuchomea Vyungu

Wajerumani walipokuwa wanajenga boma lao Arusha, mawe hayakujibeba. Yalibebwa na wanaume waliokamatwa mashambani. Koikai, kaka yake Lekishon, alirudishwa Nkoaranga ndani ya ngozi ya ng'ombe, mgongo umechanwachanwa na kiboko. Hakumaliza wiki.

Kwa hiyo asubuhi ile askari alipoonekana akipanda mlima, Simaloi hakuuliza maswali. Alimlaza mumewe Lekishon ndani ya shimo la kuchomea vyungu, akatandika fito juu yake, akapanga vyungu kumi na viwili, kisha akafunika kwa majani makavu na samadi.

"Umemgeuza mwanangu kuku wa kuatamia," alinong'ona Soila, mama mkwe wake.

"Kuku akitulia halengwi jiwe, mama."

Simaloi alikuwa na hesabu yake. Huku kwetu mwanamume hasogelei vyungu vinavyosubiri moto, vitapasuka vyote. Mwanamume wa Nkoaranga angeona afadhali amkanyage chui mkia. Hata Lekishon alikuwa analalamika huko chini, na si kwa ajili ya samadi puani: aliogopa kumharibia mkewe kazi ya wiki tatu.

Walikuja wawili. Saruni, mwenyeji wa hapohapo, ndiye aliyeonyesha njia. Aliliona lile rundo, akasimama mbali kabisa. Hesabu ilikuwa sahihi. Wa pili alikuwa askari Selemani, mtu wa pwani, mwenye masharubu yanayopakwa mafuta mengi kuliko bunduki yake. Huyo Simaloi hakumhesabu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda Momela, anatafuta ng'ombe."

Kiboko kikamjibu, mara begani, mara usoni. Damu ikamwingia jichoni.

"Masharubu yote hayo kumpiga mwanamke?" Soila akafoka. "Yanyoe uwarudishie mbuzi!"

Kitako cha bunduki kikatua kinywani mwake. Bibi akatema meno mawili, akayaangalia kama mtu anayechambua maharage.

Selemani akaanza kuliendea rundo.

"Bwana askari, usiende huko! Ni mwiko," Saruni alisema.

"Mwiko wenu, si wangu." Akatoa kiberiti. "Mama, nakuchomea vyungu vyako, usije ukasema sina wema. Vikiiva utakuwa umekumbuka mumeo alipo."

Majani yakashika moto. Rundo likanyamaza. Simaloi alijua mumewe angekaa kimya hadi aive, kwa sababu alikuwa amemwambia usitoke mpaka nikuite. Alifungua kinywa kumwita, na sauti haikutoka.

Mikono yake ilitangulia. Karibu na mguu wake kulikuwa na jiwe alilopondea vigae vya kuchanganya na udongo. Alilishika kwa mikono miwili, akampiga Selemani kisogoni. Askari akapiga magoti. Akampiga tena, mfupa ukabonyea. Pigo la tatu halikuhitajika. Alimpa hata hivyo.

Hapo ndipo sauti ilipokuja. "Lekishon! Toka!"

Vyungu viliruka, na mtu akatoka katikati ya moto, nywele zikiwaka, ngozi ya mkono wa kushoto ikining'inia. Saruni alikuwa ameshatimua mbio. Akifika bomani, wangekuja ishirini. Lekishon akanyakua panga, akamfuata migombani.

"Lekishon, ndugu yangu! Tulitahiriwa siku moja!"

Kisha mlio kama wa mtu anayekata mgomba. Mara mbili.

Lekishon alirudi hamtazami mtu. Simaloi akamfunga mkono kwa majani ya migomba, akafungua mbuzi wawili.

"Mama, twende," Lekishon alisema.

"Nendeni Momela. Mimi nikiwachelewesha, mtakamatwa wote."

"Watakuua, mama."

"Watanihoji kwanza. Na kwa mdomo huu uliovimba, nani ataelewa ninachosema? Itawachukua hadi jioni." Akamsukuma mwanawe kifuani. "Ondokeni, mnanipotezea muda."

Wakaondoka bila kuagana. Soila akaburuta kigoda hadi mlangoni, akakaa akitazama njia ya bondeni, akaanza kujifunza uongo wake, neno moja baada ya jingine, huku damu ikimdondoka kidevuni.