Maji ya Chumba cha Mwisho

Kabla hakujapambazuka, bati liligusa sakafu nje ya mlango, polepole, kama linawekwa na mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha kimya.

Kwenye kitanda cha pili, mjukuu alijifunika shuka gubigubi na kunong'ona kwamba ndiye huyo sasa, askari mwenyewe.

"Kama ni yeye, ana adabu kukushinda," bibi alimjibu. "Wewe hukoromi kwa upole hivyo."

Nyumba ile ya wageni ilikuwa kongwe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja wa vita vya zamani, siku hizi nyasi tupu na jiwe la kumbukumbu. Watu walisema chumba cha mwisho kina askari asiyelala, na mwenye nyumba hakukanusha, maana askari huyo alimletea wageni wengi kuliko magodoro yake. Bibi ndiye aliyekiomba chumba hicho. Mjomba wake aliondoka na jeshi akiwa kijana, na habari zake zikaishia hapo uwanjani. Mama yake bibi alizeeka akiuliza jambo moja tu: je, kaka yake alikufa peke yake? Alipofariki, swali akamwachia binti.

Bibi akafungua mlango. Chini palikuwa na beseni la bati lenye maji ya uvuguvugu na taulo safi iliyokunjwa vizuri. Moyo wake ukafurahi. Miguu ilikuwa imemvimba kwa safari, na hapa kumbe kuna mtu aliyeliona hilo. Akavuta kiti, akaitumbukiza yote miwili.

Mtunza nyumba, mama mzee kama yeye, alitokea kwenye ujia na mashuka mkononi. Akasimama ghafla.

"Dada, maji hayo si yako."

Bibi aliona haya, akaomba radhi, akataka kuitoa miguu. Yule mama akamzuia. Akaketi sakafuni, mashuka mapajani, akamweleza. Wakati wa vita nyumba ilijaa majeruhi, na bibi yake yeye mtunza nyumba alikuwa mpishi humu. Kila alfajiri alipeleka maji ya moto chumba kile, akawaosha uso na miguu waliolala humo, wa kupona na wa kufa. Vita vikaisha, yeye hakuacha. Binti yake akaipokea kazi hiyo, kisha mjukuu wake, ndiye huyu mtunza nyumba. Wageni wakisikia bati wanakimbia bila viatu. Mwenye nyumba, mpwa wake, amemkataza kusema, eti mzimu una wateja, beseni halina.

Mjukuu alikuwa ameshatoka kwenye shuka, anasikiliza.

"Kuna aliyerukwa?" bibi aliuliza.

"Majina sikuachiwa, dada. Na waliobaki kule uwanjani siwajui. Ila waliofikishwa humu, bibi yangu hakuruka mtu. Hata wa upande wa pili aliwaosha."

Kwa bibi halikuwa jibu zima, kwani nani angejua mjomba alifikishwa humu au hakufikishwa? Lakini mama yake hakupata hata nusu hii. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Mjukuu alipiga magoti, akaichukua taulo, akamfuta miguu, kidole kimoja kimoja. Mtunza nyumba alimtazama mpaka akamaliza.

"Kila siku huyamwaga kama nilivyoyaleta," alisema. "Leo yamepata kazi."

Walikunywa chai pamoja jikoni, wakaongea habari za magoti na wakwe, wakacheka. Jua lilipopanda, mtunza nyumba aliwasindikiza hadi barabarani huku akiung'ang'ania mkoba wa bibi aubebe yeye. Gari lilipokuja hakuuachia upesi.

"Humu wanakuja kumwona askari," alisema. "Mimi sijajiwa na mtu. Njoo tena, dada. Njoo kwangu."