Jengo Lililogeuzwa

Ghorofa ishirini na mbili, na hakuna dirisha hata moja linalofunguka. Hilo ndilo jengo nililoajiriwa kuliandikia kijitabu cha kutimiza miaka arobaini, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Upande wa vioo unatazama magharibi. Kila alasiri makarani hubandika maboksi kwenye vioo hivyo, kisha wanawasha taa mchana kweupe. Upande wa mashariki, palipo na kivuli na bustani, ni ukuta mtupu wa zege.

Meneja wa jengo, mtu wa kujisifia hata lifti, alinieleza sababu huku akijipepea kwa faili.

"Kosa la mnyapara. Alishika mchoro kichwa chini. Watu wasio na shule hao, kijana wangu!"

Mnyapara huyo ni mjomba wangu. Alifukuzwa kwa hilo, na hakuna mjenzi aliyemwita tena.

Siku ya tatu, kwenye stoo ya chini, niliukunjua mchoro wa kwanza. Vioo vilitazama bustani, vipate jua la asubuhi lisilouma. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Geuzeni. Vioo vitazame barabara kuu, watu watuone." Sahihi ni ya mwenyekiti wa kampuni, yule yule aliyesimamishiwa sanamu pale mapokezi, kidevu juu. Chini yake, kwa penseli, mwandiko niliozoea kuuona kwenye barua za nyumbani: "Watu wataungua humo."

Nikaupiga picha kwa simu, nikaandika ukweli huo kijitabuni kwa sentensi moja. Meneja alipoisoma akaipigia mstari mwekundu.

"Ifute, nikupe ajira ya kudumu. Ikifika saa kumi hujaifuta, kabidhi kitambulisho uende."

Nilikuwa naamini kabisa kwamba wakubwa wakionyeshwa ukweli huona haya. Huyu aliona joto tu.

Jioni nilimkuta mjomba ameketi mlangoni kwake, nikampa simu. Aliisogeza karibu na macho, akasoma mara mbili.

"Kumbe penseli yangu haijafutika."

"Haijafutika, Mjomba. Na mimi nimeiandika."

"Na kazi yako?"

"Walinipa hadi saa kumi niifute."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Waache waive humo!"